Wa Nne Hakupekuliwa

Mlango uligongwa, ila kwa ndani.

Sunday alikuwa kitandani anakula ugali wake wa mchana, mvua ya Tunduma inapiga bati, ndo akasikia: ngo, ngo, ngo. Mlangoni hamna mtu. Kabula, mkewe, mimba iko ukingoni, akaacha kutafuna.

"Umesikia?"

"Panya huyo."

"Panya gani anapiga hodi? Na hii harufu nayo?"

Harufu ilikuwepo tangu wahamie, kama kwato za ng'ombe zilizochomwa. Kabula kakulia kwenye ng'ombe kule Momba, hiyo harufu anaijua. Chumba kilikuwa bei chee. Majirani walisema tu kwamba mpangaji wa mwanzo alibebwa na polisi, hakurudi. Sunday alicheka. Yeye anavusha vitenge kwa toroli kutoka upande wa Zambia, geto la bei hiyo, karibu na mpaka, ataliachaje?

Akafungua mlango. Nje patupu. Ila kitu cha baridi kikampita begani, kikatoka.

Ugali haujaisha, gari likasimama. Sasa hodi ikapigwa kwa nje. Askari watatu, mkubwa wao Afande Timotheo, na Mzee Amoni, mwenyekiti wa mtaa, kaletwa awe shahidi.

"Tuna taarifa humu kuna unga," Afande akasema, akaonyesha hati.

"Upo wa sembe, afande."

"Cheka tu. Ila mimi sipeleki mahakamani kesi ya kubumba. Hatuingii mpaka utupekue sisi kwanza. Mwenyekiti, tazama vizuri, kesho asije akasema tumemwekea."

Moyo wa Sunday ukatulia. Kumbe watu wa haki! Akampapasa Afande mifuko, soksi, mpaka ndani ya kofia. Wa pili, safi. Wa tatu, kiberiti tu.

Halafu wa nne. Alisimama mwisho wa mstari, mrefu, koti la mvua limemfika mpaka kwenye matope, na mvua inamnyeshea lakini koti kavu, na uso hauonekani sawasawa kama uso wa mtu aliye nyuma ya moshi, na Sunday aliponyoosha mkono ampapase ile harufu ya kwato ikamjaa puani mpaka machozi yakamtoka, mkono ukagoma njiani, akajiambia huyu atakuwa bosi wao, mabosi hawapapaswi.

"Pita tu, mkuu," akanong'ona.

"Unamwambia nani?" Afande akauliza.

"Huyu mkubwa wenu."

Askari wakatazamana. Mzee Amoni akahesabu kwa kidole. "Mwanangu, wako watatu."

Kabula akamshika mkono, vidole barafu. "Sunday... umemkaribisha."

Wakaingia, wakaanza na ndoo ya maji, wakaja kwenye masufuria, wakakung'uta vitenge kimoja kimoja mbele ya Mzee Amoni, na muda wote huo Sunday anamwona yule mrefu anatembea katikati yao bila kumgusa mtu, anainama kitandani pale pale alipokuwa amekaa yeye, anaingiza mkono chini ya godoro taratibu kama mama anayefunika mtoto, anautoa mtupu, na Sunday anataka kupiga kelele ila ulimi umelala mdomoni kama si wake.

Afande akainua godoro. Pakiti, kubwa kama mche wa sabuni.

Ulimi ukarudi. "Kaweka yule! Yule wa nne, hakupekuliwa! Mzee Amoni, sema!"

"Nasema nilichoona, mwanangu. Umewapekua wote. Na hiyo imetoka kitandani kwako. Sasa nidanganye?"

Pakiti ikafungwa kwenye bahasha, ikapigwa lakiri, wote wakasaini. Zamu ya Sunday, akairudisha kalamu.

"Saini, kijana," Afande akasema, bila hata kufoka. "Wewe mwenyewe ndo umetupekua."

Akasaini.

"Mtoto anazaliwa lini?" Afande akamuuliza Kabula. "Rudi kwa wazazi, mama. Hii haina dhamana."

Kabula alisimama kizingitini, ananusa ndani, ananusa tena, macho yamemtoka.

"Sunday," akasema kwa sauti ndogo. "Humu hamnuki tena."

Mahakamani, siku ya kusomewa shtaka, Sunday alipomtaja wa nne watu waliangua kicheko. Akapelekwa mahabusu. Getini palikuwa na askari magereza mzee, hamjui Sunday wala kisa chake.

"Vua viatu. Vua mkanda. Geuka."

Akampapasa chapuchapu, kama kuku wa sokoni. Halafu akaacha. Macho yake yakapanda juu ya bega la Sunday, yakapanda tena, kama anamtazama mtu mrefu sana. Pua ikamkunjamana.

Sunday karibu alie kwa furaha. "Afande, unamwona? Unamwona, eh? Mpekue! Nakuomba, baba yangu, mpekue!"

Mzee akanyoosha mkono. Ukafika katikati, ukagoma.

"Pita tu, mkuu," akanong'ona, akafungua geti.