Isale la Oldonyo Sambu

Kibali changu cha kazi Kenya kilikuwa kinaisha Jumatatu. Nanyoa nywele Nairobi, na bila kibali bosi hanipi kiti. Bila kiti, Princess hali. Princess ni binti yangu, ana miaka minne, anaishi na mama yangu pale Daraja Mbili.

Nilikuja Arusha kumwona tu, nikajisahau. Jumapili jua linazama ndio nawasha pikipiki.

"Mpaka Nairobi na hicho kipikipiki?" mama akafyonza. "Ludovick, hizo akili umeazima wapi?"

"Mama, asubuhi natakiwa kuweka vidole kwenye mashine ya uhamiaji. Sina namna."

Princess akanishika kidole, hataki kuachia. "Baba, utarudi?"

"Narudi, bosi wangu."

Nikapita Sakina, nikapita Ngaramtoni, taa za mji zikabaki nyuma. Mlima Meru upande wa kulia umejifunika mawingu mpaka kiunoni. Kufika Oldonyo Sambu, upepo wa vumbi unanipiga kifua kama unanirudisha nyumbani.

Halafu upepo ukakata.

Na pikipiki ikazima.

Kimya... hata kengele ya mbuzi hakuna.

Ikaja harufu. Udongo uliolowa, kama kaburi limechimbwa sasa hivi. Na kule mvua ilishasahaulika.

Kando ya lami kasimama bibi, kajitanda kitenge. Sikumwona akija.

"Shikamoo, bibi."

Hakuitika.

Akanyoosha mkono. Kashika jani la isale, limefungwa fundo, linadondosha maji.

Kwetu Uchagani isale sio mchezo. Mtu kakukosea, hata kama kakuulia ndugu, akikuletea isale unapokea, umesamehe, yameisha. Ukikataa, laana inahamia kwako. Ukishapokea, hudai tena milele. Hayo nililishwa na uji, kabla sijajua kusoma. Lakini masale yanaota kwenye migomba ya Kilimanjaro. Sio kule, kwenye miiba na vumbi.

"Bibi, umenikosea nini? Mbona hata hatujuani?"

Akanong'ona, "Pokea, mwanangu. Samehe."

"Nisamehe nini sasa?"

"Giza linaingia. Princess anasubiri."

Jina la mwanangu... sikuwa nimelitaja.

Nilitaka kukimbia. Nikaiwaza laana. Nikamuwaza Princess, laana imemkalia.

Nikapokea.

Akanishika mikono yote miwili. Akavipapasa vidole vyangu kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anachambua maharage. Baridi yake ilinipanda mpaka kwenye meno.

"Asante," akasema.

Akaondoka kuelekea Arusha, njia ile ile niliyotoka. Mimi nikitembea bega la kushoto linashuka, niliwahi kuanguka vibaya na pikipiki.

Na la kwake lilishuka.

Nikapiga kiki moja, pikipiki ikawaka. Sikugeuka nyuma mpaka Namanga.

Asubuhi niko mbele ya mashine ya vidole, Nairobi.

"Weka tena," dada wa mashine akasema. "Panguza jasho, uweke tena."

Mashine haikusoma kitu. Akauvuta mkono wangu, akaumulika na simu yake. Akauachia haraka, kama kashika nyoka.

"Kijana... mistari yako iko wapi?"

Nikatazama. Vidole vyote. Laini, kama mgongo wa kijiko.

Nikatoka nje mbio, nikampigia mama.

"We mwizi, unathubutu kupiga na simu ya mwanangu?"

"Mama! Ni mimi, Ludovick!"

"Koma! Ludovick karudi jana usiku, katuambia mmempora simu na pikipiki. Yuko hapa, anamlisha mtoto uji."

Kwa nyuma nikamsikia Princess.

"Baba, vidole vyako vina baridi!"

"Mama, mtoe mtoto hapo! Nakuomba, mtoe..."

"Ngoja akwambie mwenyewe, mshenzi wewe."

Simu ikabadilisha mkono.

Maji yanadondoka. Tone... tone...

Nikafungua mdomo nimdai mwanangu. Mfukoni isale bado bichi, limelowesha suruali mpaka gotini. Sauti haikutoka.

Iliyotoka ni ile ya upande wa pili. Sauti yangu, yangu kabisa, inaongea polepole.

"Marahaba."