Aliyeitika Kabla ya Mtoto

Mtoto alikuwa na siku nane, siku ya kupewa jina, Apolline, mama yake, alipomwinamia na kumwita kwa mara ya kwanza: "Florentine."

"Karame," ikaitika sauti chini ya kitanda.

Ndivyo Warundi wa bonde la Ruzizi wanavyoitika wakiitwa na mkubwa. Lakini mtoto wa siku nane haitiki. Révérien, mumewe, fundi cherehani wa mtaa wa Kimanga, alipiga magoti akachungulia. Sakafu tupu, na harufu ya matope ya ziwani na ndagala, dagaa wa ziwa hilo, waliooza. Tangu saa ile mtoto hakulia tena, wala hakunyonya.

Padri alikuwa amewaambia Florentine ni yule anayechanua. Révérien akaliacha, akajaribu la Kirundi: Hatungimana, Mungu ndiye mlezi. "Karame," ikaitika ndani ya mtungi. Jirani Mwislamu akawapa Salima, aliye salama. Jina likatamkwa mchana kweupe, na kicheko kikapita ukutani kama panya. Kila jina lilipoliwa, mtoto alizidi kuwa mwepesi mikononi.

"Minye nimechoka!" Révérien akabwaga mkasi. "Majina tatu ndani ya siku mbili! Nitatoa wapi ingine?"

"Sema polepole," Apolline akanong'ona. "Iko inasikiliza."

Wakamwita Mama Generose, mganga wa Runingu. Alinusa mlangoni, hakuvuka kizingiti.

"Munalisha jini," alisema. "Munaipa majina tamu, inakula. Mupatie mutoto jina yenye hakuna mutu atafurahia kuitika. Na musimwite ingine hata siku moja. Wala musimwelezee sababu."

Miezi tisa nzima Révérien alikuwa akichagua jina la kumpendeza binti yake, na sasa alimwinamia yule mtoto asiye na uzito, huku ile harufu ikimpanda mgongoni, ikimzunguka shingo, ikimpumulia shavuni, akasema:

"Nzikobanyanka."

Yaani, najua wananichukia.

Kimya. Akarudia. Kimya. Akarudia mara ya tatu.

"Nani ananichukia?" kikauliza kitu sikioni mwake, kwa sauti ndogo yenye uchungu.

"Sisi wote," Apolline akajibu.

Pazia la mlango likapepea. Nyayo ndogo za maji zikajichora moja moja hadi nje, zikashika njia ya ziwani. Mtoto akapiga ukelele, akatafuta titi.

Padri alipodai jina la mtakatifu kwa ubatizo, Révérien alikataa, wakakosana.

Miaka saba baadaye, mwaka wa hamsini na tisa, binti alirudi kutoka masomoni akilia. Wenzake walikuwa wamemcheka.

"Baba, weye na mama munanichukia?"

"Hapana! Hapana kabisa."

"Sasa mbona munaniita hivi?"

Révérien alikumbuka katazo la Mama Generose. Akamkumbatia kwa nguvu. Alitamani kumwita jina tamu, hata moja tu, la kumbembeleza, lakini hakujua ni nani angeitika.