Pete ya Mpira

Kila siku kabla ya kwenda shule, Chapuchapu alikuwa na kazi moja: kuosha keni ya maziwa ya mama yake. Jina hilo alibandikwa nyumbani, maana hakuna kazi aliyowahi kuichelewesha, wala aliyowahi kuimaliza vizuri. Alimwaga maji ya moto na sabuni, akapitisha brashi, akatia dawa ya kuua bakteria, akasuuza. Keni ikang'aa. Lakini ile pete ya mpira iliyo ndani ya kifuniko hakuigusa. Kuitoa ni kazi, kuirudisha ni vita.

Asubuhi moja, kwenye kituo cha maziwa, mwanamke mpimaji wa maziwa alichanganya maziwa yao na spiriti kidogo kwenye kichupa. Yakafanya mabonge.

"Yameharibika, dada. Rudi nayo," alimwambia mama. "Ni mara ya pili hii. Ya tatu, sitapokea tena maziwa yenu."

Nyumbani mama alimkazia binti yake macho. "Keni unaisugua?"

"Ndiyo, mama. Kila mahali."

"Basi ng'ombe ndiye mbovu."

Mchana ule mchinjaji akaja, mama alikuwa amemwita. Alimzunguka ng'ombe wao, akampapasa mgongoni kama mtu anayechagua godoro. "Shemeji, huyu ana nyama! Kesho asubuhi namfuata."

Chapuchapu alikuwa amemlea ng'ombe yule tangu akiwa ndama. Jioni, mama akikamua, akamwendea.

"Mama, nilikudanganya. Pete ya kifuniko sijawahi kuitoa."

Mama aliacha kukamua. Kisha akashika kifuniko kwa mkono mmoja, sikio la binti yake kwa mkono wa pili, na safari ya kwa mpimaji ikaanza.

Mpimaji aliichokoa pete kwa mpini wa kijiko. Chini yake palikuwa na ute mzito, unateleza, unanuka.

"Lakini nilitia dawa, shangazi!" Chapuchapu akajitetea. "Tena nikaongeza!"

"Umemwagia paa, wenyewe wamelala ndani. Sikiliza. Bakteria ni mdogo, humwoni, lakini wengi wao wana mkia wa kuogelea. Ndani ya mwili wake mna maagizo, yanaitwa jeni. Yapo ya kutengeneza mkia, yapo ya kutengeneza ute. Akiwa ndani ya maziwa, ya mkia yanafanya kazi. Akigusa mahali pazuri pa kukaa, kama hapa chini ya mpira, ni kama swichi imebonyezwa: ya mkia yanazimwa, ya ute yanawashwa. Haogelei tena. Anajenga, na wenzake wanajenga naye."

"Na dawa?"

"Inaua waogeleaji. Waliojifunika ute, wengi haiwafikii. Ukitia maziwa mapya, baadhi yao wanabonyeza swichi upande wa pili, wanaota mikia, wanaogelea kwenda kuyaharibu. Nyumba yao haivunjwi kwa dawa peke yake. Sugua kwanza, dawa baadaye."

Chapuchapu alisugua mpaka vidole vikakunjamana. Alisugua pete, mfereji wake, na maungio ya keni, ndipo akatia dawa. Kuirudisha pete kulimtoa jasho, ikamruka na kumpiga puani. Mama akacheka, lakini hakumsaidia.

Asubuhi mchinjaji alifika na kamba. "Subiri hapo, shemeji," mama akamwambia. "Tunakwenda kituoni."

Mpimaji alimimina maziwa, akamimina spiriti, akatikisa kichupa. Chapuchapu alishindwa kutazama.

"Fumbua macho, mtoto."

Hakuna bonge hata moja! Maziwa yaliteleza kwenye kioo, laini kabisa. Chapuchapu alipiga kelele mpaka wenye foleni wakageuka. Alikimbia njia nzima kurudi, keni tupu ikigonga magoti yake.

"Ng'ombe haendi popote!" alimpigia mchinjaji ukelele.

"Nimeamka alfajiri bure?"

"Bure kabisa, shemeji," mama akajibu, akifika nyuma ya binti yake. "Kunja kamba yako, uje unywe chai ya maziwa."

Kisha akamgeukia binti yake. "Uvivu wako ulituharibia maziwa. Uwongo wako nusura umuue asiye na kosa. Kazi ukiiruka, sema siku hiyohiyo, kosa likiwa bado dogo. Ukilificha, linajenga, na kulibomoa ni jasho. Ila jana ulisema mwenyewe, ukasugua mwenyewe. Leo umeshinda, mwanangu."

Chapuchapu alikwenda zizini, akamkumbatia ng'ombe shingoni.

Ng'ombe aliendelea kutafuna.