Mfuko wa Upepo wa Kurasini

Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani, lakini mfuko ulikuwa umejaa.

Shomari Mwinjuma aliegemea fyekeo lake akautazama. Wakati huo, miaka michache kabla ya vita vya Hitla, ndege zilitua Kurasini, kwenye uwanja mdogo wa nyasi kando ya bahari. Mfuko wenyewe ulikuwa kitambaa cheupe kirefu, kipana mdomoni, chembamba mkiani, kilichofungwa juu ya mlingoti ili rubani aliye angani ajue upepo unaelekea wapi. Ndege hutua ikiukabili upepo. Ikitua huku upepo unaisukuma mgongoni haisimami upesi, na uwanja ule ulikuwa mfupi. Mwisho wake ukingo, na chini ya ukingo mawe na maji. Shomari aliajiriwa kufyeka nyasi, kufukuza mbuzi na kuutunza mfuko huo.

Ilikuwa siku ya ndege. Siku kama hiyo watu walitoka Keko, Mtoni na Temeke, wakajipanga ukingoni upande wa bahari, mahali ambapo ndege ilipita chini kiasi cha kuona tope kwenye magurudumu yake. Vijana walishindana nani atabaki wima. Wanawake walizishika kanga zao kwa meno. Mwamvita, mke wa Shomari, alikuwa miongoni mwao, mimba yake ya miezi saba mbele yake, na katika kutazama kwake kote hakuwahi kuinama.

Moshi wa muuza karanga ulipanda juu wima. Mwamvita akasogea kulia kununua karanga. Mkia wa mfuko ukasogea kulia. Akarudi kwa shoga zake. Mkia ukarudi.

"Albano," Shomari akaita taratibu. "Hebu tazama kule juu."

Albano, aliyekuwa akijaza petroli kwenye ndege, alikuwa mtu wa Masasi asiyekosa neno. "Nimetazama tangu asubuhi," alisema. "Ule si upepo, bwana. Ule ni mume mwenzio anamkodolea macho mkeo. Mie nilikula paja tu. Akija kudai, mwambie hivyo."

Shomari hakucheka. Pale penye mlingoti zamani palikuwa na jiwe kubwa. Wanawake wa Kurasini na Mtoni walilipelekea nadhiri zao, marashi na mayai, wakachomeka kando yake vitambaa vyeupe, bendera za mwenye jiwe. Uwanja ulipotengenezwa jiwe likapondwa kokoto, na mlingoti ukasimamishwa papo hapo. Basi wanawake walipoona kitambaa cheupe kinapepea tena mahali pale pale, walisema mwenyewe hajahama, kapandishiwa bendera kubwa zaidi. Wakaendelea kuja kwa siri.

Mwamvita, ambaye mimba zilikuwa zikimharibikia, naye alikuja. Aliushika mlingoti akaahidi jogoo mweupe endapo mimba itashika. Ikashika. Akamnunua jogoo, lakini Shomari akakataa katakata. Mzungu wa uwanja akikuta damu na manyoya chini ya mlingoti, kazi haipo. "Mfuko ule kaushona fundi Mhindi mjini," alimwambia mkewe. "Nimeuona mwenyewe ukiwa kwenye cherehani." Akamchinja jogoo, akaliwa kwa wali, na Albano akaalikwa. Mwamvita hakugusa hata mchuzi.

Ndege ikatokea upande wa bahari. Ikapita juu ya vichwa vya watu, kivuli chake kikawafunika, mchanga ukaruka, watu wakajitupa chini huku wakicheka. Ikagusa nyasi, ikakimbia, ikasimama, na rubani akaizima. Watu wakainuka, wakajikung'uta, kisha mmoja mmoja wakaacha kucheka, kwa sababu ngurumo ya ndege ilikuwa haijakoma.

Ilikuwa inatoka kinywani mwa Mwamvita.

Alikuwa wima, mikono ameinyoosha kama mbawa, kinywa wazi, midomo haitikisiki, na ngurumo ile nzito ikimtoka kifuani mpaka karanga zikaruka kwenye sinia la muuzaji.

Walimfikisha nyumbani kwa kumbeba. Bi Tunu, mama yake Mwamvita, mkunga anayejulikana mtaa mzima, alimlaza kitandani na kumpaka mafuta ya karafuu. Akafungua kinywa cha mwanawe kumnywesha maji. Mwamvita akamng'ata. Alimng'ata mkono mpaka meno yakagusana na mfupa, akamrusha ukutani kwa shingo, udongo wa ukuta ukamomonyoka, kisha akaanza kupigwa yeye mwenyewe. Hakuna aliyeonekana kumpiga. Shavu liligeuka upande huu likaacha alama ya vidole, likageuka upande ule, kichwa kikagonga mhimili wa kitanda, kikainuliwa kwa nywele, kikagonga tena, na chumba kizima kikanuka marashi ya waridi na petroli, harufu mbili zisizopaswa kukaa pamoja, na ngurumo ikawa juu ya paa, ndani ya makuti, ikizunguka, ikizunguka, mpaka Shomari akajitupa juu ya tumbo la mkewe kulikinga na akasema kitu ambacho hakupaswa kusema.

"Mwache. Nitakupa chochote, nakuahidi. Mwache tu."

Kipigo kikakoma papo hapo.

Fundi Hamisa aliletwa kutoka Mtoni magharibi ilipoingia. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kikohozi, aliyepunga watu pepo tangu ujanani. Aliwasha ubani kwenye chetezo, akamfunika Mwamvita shuka jeupe, akaketi mbele yake kama anayeketi na mgeni.

"Nani kakalia kiti hiki?" aliuliza.

"Mwenye nyumba," ilijibu sauti chini ya shuka. Haikuwa ya kiume wala ya kike. "Nyumba mliyoiponda kokoto."

"Karibu, bwana. Huyu ni mjamzito, mpumzishe. Wataka nini tukuandalie?"

"Mbona keshaniahidi?"

Fundi Hamisa akamgeukia Shomari polepole. "Nani kamwahidi? Wee? Umemwahidi nini?"

"Chochote," Shomari alinong'ona. "Alikuwa anampiga."

"Baba wee. Jini haahidiwi kabla hajataja. Ataje, upunguze, akatae, mkubaliane. Sasa mie nimpunguzie nini?"

Chini ya shuka kukasikika kicheko kidogo. "Nilikuwa na jogoo wangu, mkamla kwa wali. Jogoo simtaki tena. Nataka kile kinachoshuka uwanjani kwangu, na wote waliomo ndani yake. Ijumaa."

"Kinakupita kila mara," alisema Fundi Hamisa. "Si ukichukue mwenyewe?"

"Mie si mwizi. Hupewa. Nataka nipewe kwa mkono wake. Mfuko ni kazi ya mkono wake. Basi mfuko useme uongo. Asiponipa, nachukua kilicho changu, na aliye ndani yake hatoki."

Shuka likainuka. Katikati ya tumbo la Mwamvita ngozi ilisukumwa kutoka ndani, ikavimba kwa umbo la ngumi kubwa kuliko ngumi ya mtoto yeyote, ikabaki hivyo, kisha ikazama.

Bi Tunu, mkono umefungwa kitambaa chenye damu, alimfuata mkwewe ukumbini. "Mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, "mie sikwambii uue watu."

"Naam, mama."

"Lakini huyo ndani ndiye mtoto niliyebaki naye." Akarudi chumbani.

Ijumaa upepo ulitoka bara, mwembamba lakini wa kweli. Mkia wa mfuko ulipaswa kuelekea baharini. Shomari alipanda mlingoti Albano alipokwenda kuleta mapipa, akaujaza mfuko nyasi kavu ili uonekane umevimba, akaufunga mkia kwa mshipi wa kuvulia ukaelekea bara. Ukawa unasema upepo unatoka baharini. Rubani atakayeuamini angeshuka kutokea bara, upepo ukimsukuma mgongoni, uwanja ungemwishia, naye angepita ukingoni kwenda mawe.

Aliposhuka chini ndipo alipoona alilolisahau. Watazamaji walikuwa wameshafika. Walikuwa wamejipanga ukingoni, pale pale ambapo ndege isiyosimama ingepita, muuza karanga na sinia lake, vijana wenye mashindano yao, wanawake na watoto mgongoni. Alitaka kuwafukuza. Alipiga hatua, na kutoka nyumbani, mbali nyuma ya minazi, akasikia sauti ya mkewe ikilia mara moja na kukatika. Akasimama.

Ndege ikaja. Ikazunguka juu ya uwanja, rubani akautazama mfuko, akaenda bara, akageuka, akaanza kushuka kutokea bara kama mfuko ulivyomwambia, akishuka na kushuka, magurudumu yakizikaribia nyasi, watu ukingoni wakishangaa kuiona ikiwajia usoni badala ya kutokea mgongoni mwao, wengine wakiishangilia kwa kuwa hawakuijua maana yake, na Shomari, mikono kichwani, akiwa hajui anaomba nini na anamwomba nani. Kisha ndege ikanguruma, ikainuka, ikapita juu yao kwenda baharini.

Rubani alikuwa ameziona kanga. Kanga zote ukingoni zilipepea kuelekea baharini, na moshi wa karanga ulilalia huko huko. Mfuko mmoja ulisema hivi na wanawake wote walisema vile, naye akawaamini wanawake. Akageuka juu ya maji, akarudi kwa njia iliyo sawa, akatua salama.

"Alhamdulillahi," Shomari alisema, na machozi yakamtoka, na kabla hajayafuta akakumbuka.

Mwamvita alitokea kwenye minazi akikimbia. Kamba aliyofungiwa kitandani iliburutika nyuma yake pamoja na kipande cha tendegu. Nyuma zaidi alikuja Bi Tunu, uso mzima damu, akichechemea. Ndege ilikuwa imegeuka, inarudi polepole kuelekea kwenye mapipa ya petroli, na mapanga yake ya mbele yalikuwa bado yanazunguka kwa kasi isiyoruhusu jicho kuyaona. Mwamvita alinyoosha mikono kama mbawa, akacheka kwa sauti ile isiyo yake, akaelekea huko huko, tumbo mbele.

Shomari alitupa fyekeo akakimbia. Hajawahi kukimbia vile na hatakimbia tena vile. Upepo wa mapanga ulimpiga mchanga machoni, nyasi zikamchapa usoni, harufu ya marashi ikamjaa kooni mpaka akashindwa kupumua, akamwona mkewe amebakiza hatua moja, akajirusha, akamkumba ubavuni, wakaanguka pamoja chini, na alipokuwa akianguka mkono wake wa kulia ukabaki juu, umenyooka, kana kwamba mtu ameushika kifundoni na kuuinua, na panga likaupitia.

Damu iliruka mpaka kwenye vioo vya ndege. Abiria mmoja, mama wa Kizungu, alianza kupiga kelele na hakunyamaza mpaka alipoondolewa. Chini ya ndege Mwamvita alifumbua macho akatazama huku na huku. "Shomari," alisema kwa sauti yake mwenyewe. "Mbona umelowa?"

Albano alivua shati lake akakifunga kile kigutu kilichobaki chini ya kiwiko, akikaza kwa magoti. Kisha wakautafuta mkono. Nyasi zilikuwa fupi, Shomari mwenyewe alizifyeka. Hata sarafu ingeonekana. Walipekua chini ya ndege, ukingoni, mpaka kwenye mawe. Hawakuuona.

Shomari alilazwa hospitali, akarudi nyumbani na kigutu. Kazi ilikuwa imekwisha. Mwamvita alikula, alilala, alicheka, mimba yake ikakua vizuri. Fundi Hamisa alifukiza chumba, akamkagua, akauliza maswali yake yote, na hakuna aliyemjibu.

"Hayupo kichwani mwake," alisema.

"Basi kaondoka," alisema Shomari.

"Sijasema kaondoka. Jini akitoka huaga. Hutaja jina lake, huapa kwamba harudi. Huyu kanyamaza tu." Akakifunika chetezo chake. "Na mkono wako, baba, mpaka leo haujaonekana."

Uchungu ulimshika Mwamvita asubuhi ya jua kali. Bi Tunu na Fundi Hamisa wakaingia naye chumbani, na Shomari akaketi barazani. Vidole vya mkono usiokuwepo vilikuwa vikimwasha, jambo lililomtokea mara kwa mara. Daktari alimwambia asiogope, aliyekatwa mkono huendelea kuusikia. Akakisugua kigutu.

Mwasho ukaisha. Badala yake akasikia joto. Joto la unyevunyevu, limemzunguka mpaka kifundoni, kama mtu aliyetia mkono kwenye uji. Kisha kitu kidogo kikagusa kiganja chake. Kilikuwa laini, mviringo upande mmoja, na upande wa pili kilikuwa na vipande vidogo vidogo vitano vilivyosogea.

Kilikuwa kisigino na vidole vya mguu.

Mkono wake ukakishika.

"Fundi," ilisikika sauti ya Bi Tunu ndani, ya chini sana, sauti ya mtu asiyetaka mgonjwa asikie. "Kichwa kinakuja, kisha kinarudi. Nimezalisha mtaa huu wote, sijaona hivi. Njoo ushike."

Kisha Fundi Hamisa akasema, "Kuna aliyemshika."

Shomari akasimama. Alikinyoosha kigutu mbele yake juani, hakuna kitu mbele yake ila hewa, na ndani ya hewa ile akakisikia kifundo kidogo cha mwanawe kikipiga mapigo ya damu chini ya kidole chake cha gumba. Akaviamuru vidole viachie, kama mtu anavyouamuru mkono wake mwenyewe, kwa upole kwanza, kisha kwa kusihi, kisha kwa nguvu zake zote, meno yameumana, jasho likimtiririka mgongoni, huku ndani Mwamvita akilia jina lake.

Vidole vilizidi kukaza.