Nilimfukuzia Inzi

"Sikuwepo! Dada Mwanne, waambie ukweli!"

Zipora alikuwa analia mbele ya Sista Melania, mkuu wetu. Mimi nikaangalia sakafu...

"Ulikuwepo," nikasema.

Jamani, msinitukane kwanza. Nisikilizeni.

Ilikuwa 1974, zahanati moja huku Kahama. Nilikuwa nesi, binti wa Kilwa, mwezi wa pili tu Usukumani. Sista alikuwa na sharti moja: mgonjwa aliye mahututi nyumbani aendewe na watu wawili. Mmoja ajue dawa, mwingine ajue lugha yake.

Lugha, yaani Kisukuma, ilikuwa kazi ya Zipora, mwenzangu wa zahanati. Siku hiyo, tukielekea kwa bibi mmoja, nikajitia kimbelembele.

"Wahi mnadani ukanichagulie kanga. Bibi hasemi tena, nitamwangalia mwenyewe."

Mimi ndiye niliyemtuma! Kisha nikaandika majina yote mawili daftarini.

Bibi, mama yake mfugaji mmoja aitwaye Bujiku, alikuwa hoi, hainui hata mkono. Saa sita mchana akafumbua macho.

"Minzi... minzi..."

Mimi nikadhani anasema inzi! Na kweli walikuwepo. Nikavua mtandio, nikapepea. Akasema tena, nikazidi kupepea. Nilipepea hadi akanyamaza moja kwa moja.

Bujiku aliporudi kutoka machungani, alimfunika mama yake.

"Alisema nini, nesi?"

"Inzi walimsumbua. Akawa anasema minzi, minzi... nikawafukuza wote."

Akageukia mtungi pale mlangoni. Hatua tatu tu kutoka kitandani!

"Minzi ni maji," akasema.

Nilitamani ardhi inimeze. Akafunua daftari letu.

"Zipora ni Msukuma. Alimsikia mama anaomba maji, akamnyima?"

Hapo ningeweza kusema. Nikaogopa kupoteza kazi.

Bujiku akampelekea Sista mashtaka, nami nikasema lile neno langu, Zipora akafukuzwa. Watu wakaacha kuitikia salamu yake. Mimi nikapanda cheo... aibu tupu!

Juzi, baada ya miaka yote hii, nikamfuata Zipora kwake, mtaa wa Nyasubi. Nilimkuta kitandani, hajiwezi, mjukuu wake kaenda sokoni. Kabla sijafungua mdomo kuomba radhi, akanong'ona:

"Minzi."

Nikamnywesha huku machozi yananitoka. Akameza, akanitazama.

"Leo umesikia," akasema.

Hakusema amenisamehe. Nami sikuthubutu kuuliza.

Nyie mnaouguza watu majumbani, mkiwa pungufu andikeni pungufu! Jina la mtu asiyekuwepo halimpi mgonjwa maji.