Nilimsainia Kuwa Ametoka Hifadhini

Jamani, mlinzi wa geti alinisogezea kitabu cha wageni, nikaandika saa ya kutoka: saa nane mchana. Watu wawili. Nikasaini.

Nilikuwa peke yangu...

Mwenzangu nilimwacha huko ndani, kwenye maporomoko, akinisubiri.

Msinitukane kwanza. Someni hadi mwisho, ndipo mtukane vizuri.

Huyu binti tulikuwa tunashona wote sare kiwandani. Cherehani nilimfundisha mimi, akawa ananiita dada. Ana miaka minne tu kazini, nasikia tumebaki mimi na yeye kwenye usaili wa usimamizi wa zamu, Jumatatu saa mbili asubuhi. Mimi nina miaka kumi na moja pale! Roho iliniuma, siwafichi.

Jumapili nikamwambia twende hifadhini tukatembee, tuone nyani na maporomoko, tupunguze presha. Akafurahi sana. Njia nzima alinipiga picha, mara nisimame hapa, mara nicheke.

Kule maporomoko mtandao hakuna. Nikamwambia anisubiri, naingia kichakani mara moja. Nikazunguka njia ya pili, huyoo... hadi getini.

Nilitaka alale huko akose usaili. Basi. Askari wa hifadhi wangemkuta asubuhi analia, mimi nishakalia kiti.

Saa kumi na moja jioni simu ikaita. Alikuwa yule mlinzi, namba yangu kaitoa kitabuni. Akasema kuna wageni wamemkuta dada mmoja njiani anaita mtu, wamemwambia atoke nao, kakataa.

"Mama, mwenzako mlitoka naye kweli?"

Jua bado lilikuwepo. Neno moja tu lingetosha.

"Yuko hapa kwangu, anaoga," nikasema.

Kisha nikapiga pasi blauzi ya usaili.

Jumatatu nilijibu maswali yote, cheo nikapata. Bado napongezwa, ikaja habari kuwa mwenzetu ameokotwa korongoni hifadhini, mgongo umevunjika, miguu haisikii kitu. Mlinzi naye akanyamaza, maana kumruhusu mtu mmoja asainie wawili kungemfukuzisha kazi.

Nikaenda hospitali na uongo wangu mwingine tayari mdomoni. Nilijua akiniona tu atanitemea mate.

Akaniona... akaanza kulia kwa furaha.

"Dada, kumbe walikupata? Nilikuita mpaka sauti ikakauka. Wale watu waliniambia tutoke, nikawaambia siwezi kumwacha dada yangu porini."

Alianguka akinitafuta mimi.

Huu ni mwaka wa pili. Cheo bado ninacho. Kila jioni nampitia kwao, namgeuza, namwosha, na mama yake ananiombea dua kwa wema wangu. Wema!

Ndugu zangu, ubaya wa kwanza niliufanya kwa wivu, na ulikuwa unarekebishika. Wa pili niliufanya nikiwa nimepigiwa simu kabisa nirekebishe. Huo ndio unaonitafuna. Ukipewa nafasi ya kusema kweli, iseme siku hiyohiyo, hata ikikuaibisha.

Na wewe mdogo wangu, najua simulizi za humu hazikupiti. Jana uliniuliza siku ile nilitokea njia gani.

Nilitokea getini, saa nane mchana.

Jioni nitakuja kama kawaida. Ukitaka, mwambie mama asinifungulie mlango.