Maji Baridi Chini ya Meza ya Najua

Mimi ni dobi. Mume wangu ni seremala. Mtaani wanamwita Najua, maana hakuna asilolijua. Muulize tu uone.

Kila asubuhi nafua mashuka ya nyumba ya wageni. Maji nayatoa kwenye kisima alichochimba Najua nyuma ya jiko. Mahali hapo alipachagua mwenyewe, kwa macho. Maji yapo, lakini yana chumvi. Sabuni haitoi povu. Mashuka yakikauka yanakuwa magumu kama mbao.

Siku moja mwenye nyumba ya wageni alinirudishia furushi zima.

"Mama, wageni wangu wanajikuna," alisema. "Mambo yakiendelea hivi, natafuta dobi mwingine."

Nilirudi nyumbani nimefura kwa hasira. Nikamkuta Najua ameshika sururu.

"Nachimba kingine," alisema. "Hapa hapa, karibu na kile cha kwanza. Si maji tuliyapata?"

"Ya chumvi!"

"Safari hii nashuka chini zaidi. Mimi najua."

Jamani, huyu mtu! Nilimnyang'anya sururu. Kisha nikaenda kwa jirani yetu, dada anayefanya kazi ya kupima maji ya ardhini.

Alikuja na betri, nyaya, vigingi vya chuma na mashine ndogo. Akapigilia vigingi kwa mstari karibu na kisima.

"Unafanya nini hapo, shemeji?" Najua aliuliza.

"Napitisha umeme kidogo ardhini. Mashine inanionyesha ardhi inaukataa kiasi gani. Mwamba mkavu unaukataa sana, namba inakuwa kubwa. Maji ya chumvi yanaupitisha kirahisi, namba inashuka mno."

"Na maji mazuri?"

"Mchanga wenye maji baridi mara nyingi uko katikati. Ila udongo wa mfinyanzi nao hushusha namba, unaweza kunidanganya. Ndiyo maana naanza kwenye kisima mnachokijua."

Alitazama mashine. Namba ilikuwa ndogo sana. Akavitenganisha vigingi zaidi, ili umeme ushuke chini zaidi. Namba ikabaki ndogo.

"Chumvi inaendelea huko chini," alisema. "Kuchimba zaidi hapa ni kazi bure."

Nilimkazia macho Najua. Akajifanya anafunga kamba za viatu.

Mpimaji alizunguka kiwanja chote. Karibu na lango alikuta mwamba. Mwishowe alisimama kwenye karakana ya Najua.

"Maji baridi nadhani yako hapa," alisema. "Chini ya meza yako ya kazi, shemeji."

"Meza hii haiondoki!" Najua alifoka. "Tena nani kataka maji ya baridi? Mke wangu anafua tu. Hata ya uvuguvugu yanamtosha!"

Nilitazama juu, nisije nikatukana mbele ya mgeni.

"Maji baridi ni yale yasiyo na chumvi, shemeji," mpimaji alisema kwa upole.

"Hata ya jikoni ni ya baridi. Tia mkono!"

"Wewe tia mdomo," nikamwambia.

Nilichota kopo nikampa. Akapiga funda moja, akakunja uso, akatema. Kumbe hajawahi kuyaonja! Maji yake ya kunywa namletea mimi kutoka bomba la mbali, kichwani.

"Hayo ndiyo unataka nifulie maisha yangu yote?" nilimuuliza. "Nikiikosa ile nyumba ya wageni, nitamfulia nani?"

Najua aliweka kopo chini. Alitazama meza, akanitazama mimi. Kisha akaishika upande mmoja.

"Haya, shika huko," alisema.

"Haya ni makadirio," mpimaji alitukumbusha. "Mashine haiyaoni maji. Inatupunguzia kubahatisha. Na mkiyapata, msiyanywe kabla hayajapimwa."

Wachimbaji walikuja. Pale ilipokuwa meza walikuta mchanga umelowa, na maji mengi. Yalipimwa, yakaonekana ni safi. Nililoweka shuka la kwanza, na povu likanipanda hadi kwenye viwiko. Nililia, sioni aibu kusema.

Mwenye nyumba ya wageni alilipitisha shuka shavuni. "Kesho njoo uchukue mengine," alisema.

Siku hizi Najua anawasimamisha wapita njia. "Usichimbe kwa macho! Pima kwanza!" Utadhani ile mashine aliibuni yeye.

Jana alichota kopo, akanywa yote, akatikisa kichwa.

"Matamu," alisema. "Ila yule dada alituahidi maji ya baridi. Haya mbona ya uvuguvugu?"

Nilimmwagia ndoo nzima kichwani, apime mwenyewe.